Gari Lililolala Mtoni

Yule mzee aliyetuuzia gari sipendi kumsema, kwa sababu nikianza sijui kama nitaacha. Nitasema niliyoyaona, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika. Shule yangu iliishia la saba, kwa hiyo inawezekana kabisa kuna mambo sikuyaelewa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa dalali wa mpunga Majimoto, mimi nilikuwa napika mnadani: wali, maharage, nyama ya kuchemsha. Kila siku ya mnada nabeba masufuria, nafunga turubai, mvua ikija moto unazimika na wateja wanakimbia. Ndipo tukasikia kuna mzee huko Shanwe, mjini Mpanda, anauza gari lenye jiko ndani.

Huyo mzee alikuwa msimamizi wa kambi ya wawindaji wa Kizungu. Kambi ilikuwa imefungwa siku nyingi, lakini yeye bado alivaa shati la kaki la kambi, limepigwa pasi hadi mikono imesimama kama ubao. Wazungu aliwaita "wazungu wangu," kama mtu anayetaja mbuzi zake. Walipoondoka walimwachia Landrova ndefu yenye nyumba mgongoni: vitanda viwili, sinki, jiko la gesi, makabati, hata mapazia ya maua. Walikuwa wanalala humo porini kwa starehe tu, watu wenye nyumba zao kwao. Mimi nilipoliona niliona mgahawa.

Alitaka ng'ombe. Nilikuwa nao watatu. Baba yangu alihamia huku na mifugo kutoka Usukumani, na nilipoolewa na Mpimbwe, mwenyeji wa huku, alinitengea wale watatu akaniambia, hawa si wa mumeo, ni wa siku utakayokwama. Sikuwa nimekwama. Nilitaka kuwahi kabla sijakwama, na mpaka leo sijajua kama hiyo ni akili au ni ujinga.

Sasa kwetu ng'ombe hauzwi kimya kimya. Kabla mnunuzi hajapokea kamba, muuzaji anataja vilema vyote, hata asipoulizwa. Kamba ikishapokelewa maneno yamekwisha, kila mtu abaki na alichonunua. Kwa hiyo nilitaja. Nilisema yule mwekundu chuchu moja imekufa, anakamuliwa tatu. Mzee akainama, akashika kiwele, akasonya kama mtu aliyetukanwa, akadai tumwongezee mbuzi. Tukamwongezea.

Halafu, kamba bado mkononi mwangu, akasema, "Na mimi nitaje ya kwangu. Kioo cha ubavuni kina ufa, na mlango wa nyuma unabana. Nisije nikaitwa mwizi."

Tukacheka naye. Nikampa kamba.

Mtu wa mjini angeita fundi, angeingia uvunguni, angeuliza mpaka mwenyewe achoke. Sisi tulisikia vilema vimetajwa tukajua vimekwisha. Hata tulimsifu njiani. Mume wangu, aliyejifunza kuendesha alipokuwa utingo, alisema kumbe bado wapo wazee wa kweli. Nami niliitikia.

Kiangazi chote gari lilitutendea vizuri, lazima niseme hivyo. Nilipikia ndani, nikauzia dirishani, watu wakaja kuliangalia tu wakaishia kula. Mvua za kwanza zilipoanguka likabadilika. Honi ikawa inalia yenyewe watu wakiwa katikati ya chakula. Taa zikiwashwa zinazimika, zikizimwa zinawaka. Kisha ikaja harufu. Nilisugua sinki, nikatoa magodoro, nikafua mapazia. Harufu haikutoka.

Mteja mmoja, mchunga ng'ombe, akaniuliza, "Mama, leo umepika kambale?"

"Ni ng'ombe huyo."

"Basi alikuwa ng'ombe wa majini."

Benchi zima likacheka. Nilicheka pia, kwa sababu ya biashara.

Siku ya mnada uliofuata ukuta wa ndani, ule wa mbao nyembamba, ulikuwa umevimba juu ya kitanda. Mume wangu alirudi kutoka kununua mpunga, bambo lake mkononi, kile chuma chenye mfereji ambacho madalali wanachoma nacho gunia ili waone punje za katikati. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kununua gunia bila kulichoma. Alitazama ule uvimbe, akachoma. Alipolivuta, mfereji ulikuwa umejaa tope jeusi, na ndani ya tope vigamba vidogo vya konokono. Akachoma chini ya sinki, tope. Akachoma mlangoni, tope. Akakaa kitandani akaliangalia bambo lake.

Yule mchunga ng'ombe alikuwa amesimama dirishani na sahani yake. Akasema yeye alidhani tunajua. Alikuwa anachungia upande ule gari lilipotumbukia mto Kavuu, na lilikaa humo masika nzima, viboko wanajikunia ubavuni. Lilivutwa kiangazi, likaoshwa, likapakwa rangi. Nilimuuliza nani aliyesimamia kulipaka rangi. Akasema ni mzee mmoja wa shati la kaki.

Tukapanda lori hadi Mpanda. Njiani nilijiambia labda mzee alisahau, uzee ni uzee. Tulimkuta barazani na shati lake. Alitukaribisha vizuri mno, akaagiza chai. Chai ikaja ya maziwa, mazito, na ng'ombe wangu wamefungwa pale pale uani wanatutazama. Sikuinywa. Mume wangu aliinywa, na simlaumu, tulikuwa na njaa.

Nikasema gari tunalirudisha na tumekuja kuchukua ng'ombe, kwa sababu kuna kilema hakikutajwa.

"Vilema nilitaja, binti yangu," akasema. "Kioo na mlango. Mkakubali."

"Na mto, mzee?"

"Mto si kilema. Mto ni safari. Gari lilikwenda, likarudi."

Alisema hivyo akipuliza chai yake. Nimekutana na wezi wa ng'ombe ambao walau waliona aibu wakatazama chini. Huyu alinitazama usoni, ametulia, kama anayenifundisha. Na kibaya zaidi, kwa kitambo kidogo nilijiuliza kama si kweli. Gari lilirudi, ni kweli. Kisha nikamwambia kwamba mimi chuchu niliitaja bila kuulizwa, na kwa ajili ya kutaja kwangu akanidai mbuzi.

Hapo akaweka kikombe chini. Akaita afunguliwe mmoja. Mwekundu. "Mchukueni huyo," akasema, "si mlisema wenyewe ni mbovu?"

Mume wangu alitaka kukataa kwa hasira. Mimi nikapokea kamba. Kwa haki niongeze kwamba mwekundu alikuwa amezaa, na ndama alitufuata mzee akimwona, hakumzuia. Sijui kama ulikuwa utu au uvivu wa kuinuka kitini. Wale wawili walibaki kwake. Sikuwapata tena.

Gari halikutembea tena. Tuliling'oa mbao za ukutani, tukakwangua tope, tukaliacha mnadani juu ya mawe liwe jiko.

Mwaka uliofuata mzee alikuja Majimoto kutafuta ng'ombe wa kununua. Akaja kula kwangu, kati ya mabenchi yote ya mnada akachagua langu, shati limenyooshwa vilevile. Akaagiza chai ya maziwa. Nikampa, kikombe kimejaa, kama nilivyowapa wengine. Akaiangalia Landrova juu ya mawe yake, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akauliza kwa sauti ya kusikiwa na watu wote, "Na yule ng'ombe wetu anaendeleaje?"

"Anakamuliwa tatu, mzee," nikamjibu. "Kama nilivyokuambia."