Kipimo cha Mzee Kilumbi

Usiku ule Mzee Kilumbi alinijia akiwa amelowa mpaka kofia, mwezi mmoja baada ya kumzika.

Alikuwa akisoma kina cha mto na kututumia kipimo kwa simu kila saa, sisi wa ofisi ya tahadhari ya mafuriko. Funksheni niliyoiandika mimi, kile kipande cha programu kinachopokea namba na kuamua kama ving'ora vilie, ndiyo iliyomalizia kazi. Siku ya mafuriko ving'ora havikulia. Kumbukumbu za kompyuta zilisema: hakuna kipimo. Watu wakasema mzee alilala, na maji yakamkuta hapohapo.

Ndotoni nilikuwa ofisini, naijaribu ile funksheni kwa mara ya mia. Naipa 4.8, inajibu: onya. Naipa 5.1: onya. Haina kosa. Sakafu inalainika, inakuwa tope, na sasa tumekaa ukingoni mwa mto, kompyuta mapajani mwangu.

"Shikamoo, mzee."

Anatazama kioo cha kompyuta.

"Mwanangu, unaijaribu kwa namba zako. Ijaribu kwa zangu."

"Si namba ni zilezile, mzee?"

"Isimamishe mlangoni, kabla haijaamua. Tazama kilichoingia."

Maji yalikuwa yamenifika kiunoni. Nilitaka kumwomba radhi, sijui kwa lipi. Akaanza kuondoka, kisha akageuka.

"Mke wangu anasemwa kwa ajili yangu. Mimi sikulala."

Nikaamka. Niliwasha kompyuta palepale kitandani. Juu kabisa ya funksheni nikaongeza mstari mmoja, unaoonyesha kila kinachoingia kama kilivyo, kisha nikaipitishia jumbe zake za siku ile, moja baada ya nyingine.

4,8. Koma, si nukta. Simu mpya tuliyompa ndivyo ilivyoandika. Funksheni haikuitambua kuwa namba, ikaitupa bila kusema neno. Niliiandika hivyo mwenyewe: isipoelewa, inyamaze.

5,1. 5,6. 6,2. Ujumbe wa mwisho haukuwa na kipimo. Aliandika: "Mbona kimya?"

Kulipokucha nikaenda kwa mke wake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, kosa ni langu, mzee alituma mpaka mwisho. Hakulia. Alinisikiliza huku ameshika ufagio.

"Mimi nilijua hakulala," alisema. "Kawaambie wao."