Siku Magauni ya Kwaya Yalipozima Redio

Chumba cha redio cha baba kilinuka vitu viwili, risasi iliyoyeyuka kwenye pasi ya kuchomelea na dagaa. Risasi ilikuwa ya baba. Dagaa walikuwa wa jirani yetu, aliyewaanika kwenye nyavu kuukuu ng'ambo ya ua wa minyaa, na ikifika saa sita mchana upepo wa ziwa uliingiza harufu yao dirishani bila kubisha hodi. Wageni walikuwa wakiziba pua. Mimi nilizoea, na zaidi ya kuzoea nilipenda, kwa sababu harufu zile mbili zikikutana ilikuwa na maana kwamba ni Jumamosi, baba yuko nyumbani, redio imewashwa, na mimi nimekaa kwenye kigoda changu nikiwa na kalamu mkononi. Nilikuwa na miaka kumi, na sidhani kama nimewahi kuwa mtu mkubwa kuliko nilivyokuwa pale kwenye kigoda.

Baba alikuwa fundi redio mjini Musoma. Nyumbani kwetu Kamunyonge alikuwa kitu kingine, mtu wa redio za ridhaa, mwenye leseni ya serikali aliyoitia kwenye fremu na kuitundika juu ya picha ya harusi yake, jambo ambalo mama hakulisahau. Leseni ile ilimruhusu kurusha sauti yake hewani na kuzungumza na wenzake wa namna hiyo popote walipo, bila biashara wala malipo. Kwa kazi hiyo alikuwa amevuta waya mrefu kutoka kwenye paa hadi kwenye nguzo ya mti pembeni mwa uwanja. Huo ndio ulikuwa antena yake. Ulipita juu ya uwanja wetu umenyooka na kung'aa, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Mama, ambaye kamba yake ya nguo ilikuwa fupi na yenye mafundo, alikuwa akiutazama kwa uchungu. "Waya mzuri wote huo," alikuwa akisema, "unaanikaga hewa tu."

Kazi yangu ilikuwa daftari. Watu wa redio za ridhaa wana desturi ya kuandika kila kitu wanachosikia, nani kasikika, saa ngapi, sauti ikiwa nzuri au mbovu, na kama ni kimya nacho kinaandikwa. Kilichoandikwa hakifutwi, hata kama umekosea. Saa wanayoandika si ya Musoma bali ni saa ya dunia nzima, iliyo nyuma ya kwetu kwa saa tatu, na baba alikuwa na saa ya mezani iliyochelewa hivyo kwa makusudi. Shangazi yangu aliwahi kuirekebisha kwa nia njema alipokuja kututembelea, na baba hakumsemesha mpaka jioni. Mimi niliijua saa ile kama ninavyojua jina langu. Baba aliniahidi kwamba nikimaliza muhula bila kukosea mstari hata mmoja, atanipa kipaza sauti nimsalimie Mzee Magesa kwa sauti yangu mwenyewe.

Mzee Magesa alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi aliyeishi Butiama, na kila Jumamosi saa sita walikuwa wakikutana hewani na baba. Butiama si mbali, unapanda gari asubuhi na mchana umesharudi. Lakini kumsikia mtu wa Butiama akikohoa ndani ya chumba chetu, bila waya wowote kati yetu na yeye, kulinifanya nikose usingizi. Simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia mjini, na sisi hatukuwa nayo. Niliitaka ile salamu kuliko nguo ya Krismasi.

Zilikuwa zimebaki Jumamosi chache shule zifungwe. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na mama alikuwa mtunza sare wa kwaya ya kanisani. Magauni kumi na mawili ya kitenge cha bluu yalikuwa yamefuliwa na kukaa kwenye beseni yakianza kunuka uvundo, na kwaya ilikuwa inaimba kesho yake. Mama alikwenda mazoezini akaniachia neno moja: "Jua likitoka tu, anika. Nikirudi nikute zimekauka."

Jua lilitoka karibu saa sita, kali na jeupe kama linavyokuwa baada ya mvua. Baba alikuwa amevaa visikilizio masikioni, anacheka na Mzee Magesa. Niliacha daftari mezani nikatoka taratibu. Kamba ilijaa kwenye gauni la tano. Nikatazama juu. Sitasema nilipitiwa, kwa sababu sikupitiwa. Nilijua kabisa ninachofanya. Nilipanda kwenye stuli, nikayatupia magauni saba yaliyobaki juu ya waya wa baba, moja baada ya jingine, na nguzo ikaanza kuinama. Nilipolitupia la mwisho nikasikia kiti cha baba kikisukumwa nyuma, naye akatoka nje visikilizio vikiwa vimening'inia shingoni.

Redio ilikuwa imekufa. Si Mzee Magesa tu aliyepotea, hata ule mchakacho wa kawaida haukuwepo. Baba aliyavuta magauni yale chini, yakaanguka kwenye matope, akarudi ndani, akajaribu tena. Kimya. Ndipo aliponigeukia, na uso wake ulikuwa na hofu zaidi ya hasira, maana waya ule wakati wa kurusha ungeweza kuniunguza mkono. "Ungekufa, Nyangeta," alisema. "Ungekufa, na redio umeniulia." Kabla hajasema kingine nilikwenda mezani, nikatazama saa, nikaandika mstari wangu: 09:12. Kimya. Nguo. Kwa saa yetu ilikuwa saa sita na dakika kumi na mbili za mchana. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani nilitaka angalau kitu kimoja siku ile kifanyike kama tulivyokubaliana. Baba alisoma, akafunga daftari. "Hili niachie mimi," akasema.

Saa hiyohiyo aliifungua redio. Alitoa kifaa hiki na kile, akavipanga juu ya gazeti, akatafuta kilichoungua na hakukiona, na kwa kuwa hakukiona akazidi kufungua. Hatimaye akakituhumu kifaa kimoja, akaagiza kingine Mwanza, tukabaki tunasubiri. Jumamosi iliyofuata chumba kilinuka dagaa tu. Mama aliyafua magauni upya, akanitetea kwa namna yake. "Baba Nyangeta, mi tangu nizaliwe sijaona kitenge kikaua chuma," alisema. Baba aliendelea kukagua vifaa vyake juu ya gazeti. Hakunipiga, na hakunisema tena, na hilo ndilo lililoniumiza. Alipita karibu na kigoda changu kama mtu anayepita karibu na kigoda kitupu. Nilikuwa nalia nikiwa chooni, kwa sababu ni mahali pekee penye komeo.

Jumamosi ya tatu mtu alipiga hodi mlangoni. Alikuwa mzee mrefu, suruali imekunjwa kwa matope, na daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alipokohoa tu nikamjua. Mzee Magesa alikuwa amepanda gari kutoka Butiama kuja kuona kama rafiki yake yuko hai.

"Umenikatikia katikati ya maneno, fundi," alisema baada ya salamu. "Jumamosi iliyofuata hukusikika, nikasema labda amesafiri. Wiki ya pili, kimya. Nikasema hapana, huyu nimfuate."

Baba alimweleza habari ya magauni. Mimi nilikuwa nimeleta chai, nikasimama na trei nikitamani sakafu inimeze. Mzee Magesa alisikiliza, kisha akafungua mfuko wake wa nailoni, akalaza daftari lake mezani na kuomba letu. Kidole chake kilishuka kwenye ukurasa wake, kikasimama. 09:12. Musoma kimya. Nairobi kimya. Stesheni zote kimya. Chini yake: 10:05. Zinarudi.

"Kwangu hakukuwa na nguo kwenye waya," alisema. "Mke wangu mwenyewe anauogopaga. Kesho yake mwenzetu wa Nairobi akaniambia jua lililipuka. Sasa kitenge cha Kamunyonge kinazimaje redio ya Butiama?"

Baba alijua habari hizo. Aliwahi kuzisoma alipokuwa anaitafuta leseni, na baadaye alinifundisha. Huko juu sana kuna tabaka la hewa linalorudisha mawimbi ya redio duniani, na jua likilipuka kwa nguvu, mwanga wake unachafua njia ya kufika huko, mawimbi yanamezwa kabla hayajarudi. Hutokea upande wenye mchana tu, hudumu kwa dakika kadhaa au saa moja, halafu kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Angesubiri saa moja bila kushika bisibisi, angesikia. Lakini alikuwa ameona magauni kwa macho yake, na jua hakulitazama.

Aliniita nikae kwenye kigoda. "Mwanangu, nimekukosea," alisema, mbele ya mgeni, na kwetu baba hasemi hivyo kwa mtoto. "Waya hukutakiwa kuugusa, hilo liko palepale. Lakini redio hukuiua wewe." Halafu akachukua kalamu. Hakuufuta mstari wangu, maana haufutwi. Aliandika chini yake kwa mkono wake: Si nguo. Ni jua.

Redio iliunganishwa upya mchana uleule, wazee wawili wakigombania bisibisi. Kifaa cha Mwanza hakikuhitajika. Shule zilipofungwa baba alinipa kipaza sauti licha ya mstari ule, nikamsalimia Mzee Magesa kwa sauti yangu mwenyewe, naye akajibu, "Marahaba, mwandishi."

Jua lina msimu wake wa takriban miaka kumi na moja wa kuchachamaa na kutulia, na tangu siku zile limechachamaa tena mara mbili. Mzee Magesa ametangulia mbele ya haki. Mimi nafundisha fizikia Bunda na ninaishi Manyamanyama, na shuleni tuna redio ndogo, waya juu ya paa na daftari. Simu yangu siku hizi inanionya jua likilipuka, kitu ambacho baba angekitolea machozi enzi zile, ila sharti uwe umeitazama. Baba bado yuko Kamunyonge, masikio yamepungua nguvu, na kila nikienda kumsalimia naanza kuutafuta waya wake kwa macho tangu barabarani. Mama alishapata kamba ndefu.

Mwezi uliopita, mchana, mwanafunzi wangu Neema alikuja ofisini mbio, daftari mkononi. "Madam, redio imekufa. Mi nilishika kile kitufe tu." Nilisikia hasira ikipanda, kwa kuwa redio ile tuliihangaikia miaka. Nikajizuia. Nikamwuliza kama ameandika. Alikuwa ameandika saa, neno kimya, na jina lake mwenyewe. Nikamtumia baba ujumbe, na tukakaa mimi na Neema tukiitazama simu. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili, maana siku hizi anaandika kwa kidole kimoja: "Hapa Musoma pia kimya. Mwambie mtoto asilie."