Mama Mkwe Anachota Maji ya Samaki Wangu

Ndugu Mhariri, naomba ufiche jina langu. Majirani watanijua tu, hilo sina namna. Mradi mama mkwe hajui kusoma, na anayemsomea gazeti hapa nyumbani ni mimi mwenyewe.

Nina miaka thelathini na sita, nimesoma hadi kidato cha nne, nina mke na watoto wawili. Tunaishi Kibaha. Nafanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji upande wa Ruvu, na kazi yangu ni kupima. Labda ndiyo sababu hata nyumbani situlii mpaka nipime kitu na kukiandika kwenye shajara.

Mtaalamu mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake aliniachia tangi la kioo, pampu ndogo ya hewa na kipimo cha chumvi, akanifundisha kufuga viumbe vya bahari. Maji nayafuata Dar es Salaam kwa madumu, lori la kazini likiwa na safari na dereva akiwa na moyo mzuri. Miaka miwili nimehangaika hadi nikawa na matumbawe laini, kiti cha pweza kimoja, yule kiumbe wa umbo la nyota, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, dume na jike. Balozi wetu wa nyumba kumi kila akipita huuliza, "Ndugu, wawili tu nyumba nzima ya kioo! Huu si ubepari?" Nacheka naye. Mwezi wa tano wale samaki walitaga mayai juu ya jiwe. Niliandika hadi dakika.

Mwezi huohuo mama mkwe alikuja kutoka Mzenga kutibiwa mguu. Ni mtu wa staha, simsemi vibaya.

Kwa wasiojua, maji ya tangi hupungua kwa kukauka, chumvi ikabaki. Nimechora mstari mwekundu kwenye kioo. Kila Jumamosi maji huwa yameshuka upana wa kidole, nami huongeza maji ya mvua. Basi Jumamosi moja nikayakuta kwenye mstari. Iliyofuata, vilevile. Nilikuwa nimetengeneza kifuniko kipya, nikaandika kwa furaha: "Kifuniko kinafanya kazi vizuri." Leo naona aibu kuusoma ukurasa huo. Wiki ya tatu mayai yaligeuka meupe, matumbawe yakajikunja, kiti cha pweza kikaanza kumeguka. Nikapima chumvi, imeshuka vibaya sana. Nikashuku kipimo, nikakijaribu kazini. Kizima.

Jumatano nilirudi nyumbani mchana. Dirishani nikamwona mama mkwe, amejifunga kanga ya kuogea, anachota maji ya tangi kwa kata na kumimina kwenye beseni. Alipomaliza akachukua ndoo ya maji ya bomba akajaza taratibu, ameinama, jicho kwenye mstari wangu mwekundu, mpaka yakatimia. Maji ya bomba, yenye dawa ninayoipima kwa mkono wangu! Nilirudi kinyumenyume hadi barabarani, nikazunguka nusu saa, ndipo nikaingia nikikohoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona mapema, kwema?"

"Kwema, mama."

Jioni nikamweleza mke wangu. "Najua," akasema. "Anaogea, na mguu anaukanda. Maji ya bahari yanaondoa nuksi. Huoni sasa anafika mpaka sokoni?"

"Na vidonge vya hospitali?"

"Na vidonge."

"Basi mwambie aache."

"Nimwambieje, baba watoto? Kwamba mkwewe amemchungulia akienda kuoga?"

Nikaleta dumu zima la maji ya bahari, mke akampelekea. Mama mkwe akashukuru sana, na dumu hajaligusa hadi leo. Amemwambia binti yake kwamba maji ya dumu yamelala, ila yale ya kioo yanapumua. Ni mapovu ya pampu yale!

Nikasema nitafunga tangi kwa kufuli. Mke wangu akanijibu, "Funga. Halafu utawaeleza mwenyewe kaka zangu kuwa mama yao amefukuzwa na samaki."

Dume amekufa Ijumaa. Nilikuwa namtoa kwa kijiko, mama mkwe akaja kusimama kando yangu. "Pole, baba. Viumbe wa Mungu hawa, wana nini? Nitawaombea dua." Alisema kwa huruma ya kweli, naapa, na hiyo ndiyo inayonimaliza. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya.

Jike amebaki peke yake, anahema juu juu. Na jana nimeambiwa kwamba mdogo wake mama mkwe anakuja kutoka Mzenga. Anasumbuliwa na mgongo.

Lori litakwenda tena Dar es Salaam mwisho wa mwezi. Naweza kumrudisha jike baharini, akifika hai, nikamwachia mama mkwe tangi na mapovu yake, na miaka yangu miwili ikaishia hapo. Mke wangu anasema hilo ndilo la heshima. Wasomaji wenzangu, ndilo? Au yupo kati yenu mwanamume aliyewahi kumwambia mama mkwe neno kama hili, na nyumba yake ikabaki nzima? Kama yupo, namsihi aandike, tena asiniandikie mengi. Aniambie tu alianza na maneno gani.