Nadhiri ya Ulimi

Mtaani walimwita Redio, naye aliitika. Alikuwa msusi mwenye saluni ya chumba kimoja: viti viwili mbele ya kioo kirefu, sinki la kuoshea nywele kwenye kona, na draya moja ya kusimama iliyonguruma kama mgonjwa wa pumu. Mikono yake ilikuwa myepesi, mteja alisukwa mpaka akasinzia. Lakini ukweli usemwe, nusu ya wateja hawakufuata mikono, walifuata mdomo. Nani kagombana na nani, ndoa ipi inayumba, binti wa nani kaacha shule. Ukikaa kwenye kiti chake hujui, utainuka unajua. Alikuwa na msemo wake wa kufungulia habari, "Usimwambie mtu, lakini...", na akishautamka tu, kila mwanamke aliyekuwemo humo ndani alisogeza kiti.

Jambo lililomgeuza lilikuwa dogo. Jumapili moja asubuhi, mwaka ukiwa bado mchanga, alikuwa chumbani akitafuta kiatu, akamsikia binti yake wa chekechea anacheza saluni sebuleni na mwanasesere. Mtoto anachana nywele za nailoni, kakunja midomo, na sauti inayomtoka ni ya mama yake mtupu: "Usimwambie mtu, lakini yule ana roho mbaya, na mumewe hampendi." Kisha akacheka kicheko cha mtu mzima.

Redio alikaa kitandani, kiatu kimoja mkononi. Alikuwa Mkristo tangu utoto, alibatizwa, aliimba, hakuna aliyeweza kumwambia hajui mlango wa kanisa. Lakini asubuhi ile aliona wazi kwamba Mungu alikuwa kwake kama jirani wa ukuta mmoja: wanasalimiana kila siku, wala hakuna aliyewahi kuingia ndani kwa mwenzake. Akapiga magoti palepale. Hakuwa na maneno ya kupamba. Alisema ataamka kuomba kabla hajashika simu. Atapatana na wifi yake. Na ulimi wake hautabeba tena habari ya mtu, hata ikiwa ya kweli.

Mumewe alipoambiwa alicheka mpaka akashika ubavu. "Redio izimwe? Sasa mtaa huu utapata wapi taarifa?"

"Cheka tu, mume wangu. Nimeshasema na Mwenyewe."

Wifi, dada wa mumewe, hakuwa amekanyaga nyumbani kwao kwa miaka. Alipofukuzwa na mume, Redio aliisimulia saluni nzima jinsi alivyorudi kwao na nguo ndani ya mfuko wa plastiki, na maneno hayo yalimfikia yakiwa yameongezwa chumvi na pilipili. Kwa hiyo Redio alikwenda, akaomba radhi akiwa bado amesimama mlangoni, kabla hata hajakaribishwa. Wifi alimtazama weee, kisha akasema, "Ingia, jua kali." Hawakukumbatiana wala hawakulia, lakini wiki iliyofuata wifi alikuja saluni kutengeneza nywele, na Redio alimfunga rola kwa uangalifu kama anayemvisha bibi harusi.

Siku hiyohiyo ndipo balaa lilipoingia.

Wifi alikuwa chini ya draya, macho kafumba. Mke wa mwinjilisti akaja kuoshwa nywele. Huyu alikuwa mama wa heshima zake, mtu wa maneno machache, na kanisa zima lilikuwa likimwombea mwanawe wa pekee aliyesemekana yuko masomoni mbali. Alilaza kichwa kwenye sinki, Redio akaanza kumsugua shampuu, na maji yalipompita masikioni mama wa watu akaanza kulia, kimya kimya, machozi yakichanganyika na povu.

"Mwanangu hayuko masomoni," alisema. "Yuko gerezani."

Redio aliacha kusugua. Draya ilikuwa inanguruma, akajua hakuna mwingine anayesikia. Yule mama akaeleza: kijana aligombana na mtu, akampiga chupa, yule mtu akapoteza jicho. Mwinjilisti alikataa hata kumtaja mwanawe nyumbani. Maombi yale ya kanisa, kila wiki, yalikuwa yakimchoma mama kama pasi.

Hapo umeme ukakatika. Draya ikanyamaza ghafla. Lakini moyo uliojaa hauna breki, na yule mama aliendelea, sauti ikiwa juu kuliko alivyojua: "Amefungwa, hukumu imeshatoka, na aliyeumia anataka fidia, na mimi sina mtu wa kumwambia!"

Redio aligeuka kumtazama wifi. Macho bado yalikuwa yamefumbwa. Kifua kilipanda na kushuka kama cha mtu aliyelala. Akajiambia kalala. Umeme ukarudi, draya ikaanza tena kunguruma, na Redio akamfuta yule mama kwa taulo na kumwambia kwa sauti ndogo, "Imeingia kwangu, imefia kwangu."

Na kweli ilifia kwake. Haikuwa rahisi, maana hakuwa amezoea kulala na habari nzito kiasi kile bila kuigawa. Wateja walimchokonoa, "Vipi leo, mbona kituo hakishiki?" Yeye akachana nywele, akauliza habari za watoto.

Jumapili ya pili yake, alipoingia kanisani, mazungumzo yalikatika kama uzi. Akina mama waligeuza nyuso. Jirani yake wa benchi ndiye aliyemnong'oneza kwa jicho la pembeni: "Habari tumezipata. Kumbe kijana wa mwinjilisti ni mwizi, kafungwa kwa wizi, na anadaiwa arudishe! Wewe si ndiye unajua zaidi?"

Redio alijikalisha kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa hajasema neno, na kwa mara ya kwanza kila mtu alikuwa na hakika kasema.

Kesho yake mke wa mwinjilisti alisimama kwenye mlango wa saluni. Hakuingia. Wateja walikuwa wawili, mmoja nusu ya kichwa imesukwa.

"Nilikuamini," alisema.

"Mama, haki ya Mungu..."

"Mungu mwache." Akaondoka. Yule mteja aliyesukwa nusu akasema amekumbuka jambo nyumbani, akafunga kitambaa juu ya nywele zilizobaki, akatoka na kichwa chake cha pande mbili.

Redio alifunga saluni mchana huo, akaenda kwa wifi. Alimkuta anapiga pasi.

"Hukuwa umelala," alisema.

Wifi aliendelea kupiga pasi. "Nimelala wapi?"

"Wifi, mimi sikuja kugomba. Umesikia maneno umeme ulipokatika. Umesikia nusu, umesema nusu. Nenda kwa yule mama umwambie."

Wifi akasimamisha pasi. "Nilimwambia mtu mmoja tu. Nilisema 'kafungwa, anadaiwa fidia', wengine ndio wakamalizia wizi." Kisha macho yakawa makali. "Na wewe je? Siku ya mfuko wangu wa plastiki uliwaambia wangapi? Mimi ni mwanamke niliyerudishwa kwetu. Kanisani ndipo mahali pekee wanaponiita dada. Ukinitaja, nimekwisha. Na nitajua ule msamaha uliokuja kuniomba mlangoni ulikuwa wa mdomoni."

Redio alirudi nyumbani akiwa amebanwa kama nguo kwenye mlango. Akijitetea, anambomoa wifi na kubeba habari ya mtu, kitu alichomwapia Mungu hatakifanya. Akinyamaza, anaacha uongo ukae kitini. Usiku mumewe alimkabili. "Watu wanasema kazini kwangu. Kama si wewe, ni nani? Nitajie, nikamshike leo hii!" Redio alitazama uso wa mumewe, akaona jinsi ulivyofanana na wa dada yake, hasa penye paji. "Si mimi," alisema. "Nisaidie kuishia hapo." Mume akageukia ukutani.

Akina mama wa kanisa wakamwita kikaoni. Walikaa kwenye mabenchi, yeye wakamwekea kiti mbele, peke yake. Mke wa mwinjilisti alikuwa mwisho kabisa karibu na dirisha. Wifi alikuwa benchi la tatu, ameukumbatia mkoba.

Mama mwenyekiti alianza kwa upole. "Dada yetu, hatukuhukumu. Sema tu, utubu, tufunge jambo."

"Si mimi, mama."

"Saluni ni yako. Habari imetoka humo."

"Imetoka humo, ndiyo. Haikutoka mdomoni mwangu."

"Basi unamjua aliyeitoa."

Redio angeweza kusema hapana. Lilikuwa neno dogo tu. Lakini ulimi aliouweka wakfu hakuutaka uanze uongo. "Namjua."

Ukumbi ulivuma. "Mtaje!"

Alikaza macho kwenye komeo la dirisha. Hakuthubutu kuyashusha, maana alijua yakitua benchi la tatu, yatakuwa yametaja. Akasikia mkoba wa mtu ukilia zipu, ukifungwa, ukifunguliwa, ukifungwa. Alimpa wifi nafasi. Alingoja, akaomba moyoni, akangoja tena. Hakuna aliyesimama.

"Sitamtaja," alisema.

"Leo redio imeishiwa betri!" mmoja akadakia, na kicheko kikapasuka. Mke wa mwinjilisti hakucheka. Alikuwa ameinama, anatazama mikono yake. Mama mwenyekiti akatangaza kwamba dada apumzike kwanza, asiimbe wala asihudumu, hadi moyo wake utakapolainika.

Zikafuata siku ngumu. Kiti cha pili saluni hakikukaliwa. Aliamka kuomba kama alivyoahidi, lakini maombi yakawa ugomvi. "Nilipokuwa msengenyaji nilikuwa na marafiki," alimwambia Mungu. "Nimekusogelea, umenipa nini?" Akajisikia vibaya kusema hivyo, halafu akasema tena. Asubuhi moja maneno yalimwishia kabisa. Alikaa kwenye kigoda jikoni, gizagiza, birika likianza kuimba, bila kuomba chochote wala kulalamika. Akatambua kwamba miaka yote alikuwa akimpigia Mungu porojo kama anavyowapigia wateja, na hakuwahi kumnyamazia hata kidogo amsikilize. Hakusikia sauti. Lakini alikaa, na alipoinuka moyo ulikuwa umetulia, ingawa hakuna kilichobadilika nje.

Mvua zilikuwa zimeanza pale mke wa mwinjilisti alipotokea tena mlangoni pa saluni, mwavuli ukitiririka. Safari hii aliingia. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa kitupu.

"Wewe hukusema," alisema.

Redio alishika kitana, akakiweka chini.

"Nilikuambia chupa. Nilikuambia jicho la mtu," mama yule aliendelea. "Habari iliyozunguka haina chupa wala jicho. Ina kifungo na fidia tu, basi, na wizi wa kubuni. Na wewe kwa jinsi ninavyokujua, ungekuwa umesema wewe, ungesema yote, tena kwa mpangilio!"

Redio alicheka bila kupenda, kicheko kikageuka kilio.

"Ulijua lini, mama?"

Yule mama aliuegemeza mwavuli ukutani. "Kabla ya kikao."

Mvua ilipiga bati. Redio aliona joto likimpanda usoni. Kwa hiyo siku ile, kwenye kiti kile cha peke yake, palikuwa na mtu wa pili aliyejua na kunyamaza.

"Ningesimama kusema si wewe, ningelazimika kusema ni nini hasa," mama yule alisema. "Nilimwogopa mume wangu. Niliona aibu. Nikakuacha uchekwe. Nimekuja unisamehe, na kama huwezi, nitaelewa."

Maneno yalimjia Redio mengi, tena matamu, ya kukata. Alitembea hadi kwenye sinki, akafungua maji, akayapima joto kwa kiganja mpaka yakawa sawa.

"Njoo ulaze kichwa," alisema. "Msamaha nimeukubali, lakini bado unauma. Usishangae ukiniona nimenuna."

"Nuna tu, mwanangu."

Jumapili iliyofuata mke wa mwinjilisti alisimama mbele ya kanisa, mumewe akiwa ameinamisha kichwa, akasema mwanawe yuko wapi na alifanya nini. Akasema pia msusi hakuwa na kosa. Wapo waliokuja kumshika Redio mkono, wapo waliopita pembeni kwa haya. Nani alisema, hakuulizwa tena. Wifi hajakiri hadi leo. Huja nyumbani, hula nao, humbeba mtoto; na mara nyingine, wakiwa wawili tu, hufungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha huomba chumvi. Redio humpa. Hiyo ndiyo nadhiri inayomgharimu kuliko zote, na kila asubuhi hulazimika kuianza upya.

Siku ya kutembelea wafungwa, mke wa mwinjilisti alimwomba amsindikize, kwa sababu mumewe alifika getini mara moja akashindwa kuingia. Redio akafunga saluni. Walikaa kwenye benchi la mbao pamoja na wake na mama wengine, kila mmoja na kifurushi chake magotini. Kijana akaletwa upande wa pili wa wavu, amekonda, kichwa kimenyolewa. Alimtazama mgeni kwa hofu, akamgeukia mama yake.

"Huyu anajua yote," mama akamwambia. "Zungumza tu."

Kijana akavuta pumzi, akaanza kueleza siku ile ya chupa. Redio akasogea karibu na wavu, akamsikiliza hadi mwisho.