Pensheni ya Mfuaji wa Mashuka

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtumishi wa serikali tangu nilipotoka chuoni hadi nilipofikisha miaka sitini. Mke wangu alikuwa akifua mashuka. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya ufukweni hapa Bagamoyo, akitoka nyumbani alfajiri na kurudi viganja vimemsinyaa kwa maji na dawa. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa: watu wakiniuliza mke wangu anafanya nini, nilikuwa najibu, "Ana kibarua chake," kisha naingiza habari nyingine.

Tulistaafu mwaka mmoja, mimi nikamtangulia kwa miezi mitatu. Nilisumbuka kidogo na makaratasi, maana barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilikuwa haionekani, ikabidi niifuate hadi Saadani nilikoanzia kufundisha. Ilipopatikana, mambo yakaenda. Mkupuo, yale malipo ya mara moja, uliingia benki, na baada ya hapo pensheni ya kila mwezi. Mkupuo wenyewe ulikuwa mdogo kuliko nilivyokuwa nikiuota, kwa sababu kikokotoo, yaani hesabu ya kupigia mafao, kilikwisha badilishwa, na walimu wenzangu wote walikuwa wakilia na hicho kikokotoo.

Baada ya sala ya alasiri nilikuwa nakaa barazani kwa jirani yangu, mstaafu wa kiwanda cha nguo cha mtu binafsi huko Dar es Salaam. Mazungumzo yetu yalikuwa hayo hayo kila siku: nani kapunjwa zaidi, wa serikali au wa kampuni. Yeye alijenga nyumba yake kwa malipo ya saa za ziada, jambo ambalo mwalimu halijui. Mimi nilikuwa na kadi ya bima ya matibabu niliyobaki nayo baada ya kustaafu, yeye hana.

"Nyinyi wa serikali mnalilia kikokotoo," aliniambia siku moja. "Sisi tunamlilia mwajiri. Wewe ukikatwa mchango, unajua umefika. Mimi nilikuwa nakatwa, halafu namwachia Mungu."

"Ndiyo maana nasema kazi ni ya serikali," nikamjibu kwa sauti. "Nyingine zote ni kupoteza umri."

Mke wangu alikuwa akipita na ndoo yake. Alitusalimu, akaenda zake.

Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja kwenye ofisi ya mfuko wake wa pensheni. Alitupokea binti mmoja mwenye adabu, akatuamkia, akaanza kutazama kwenye kompyuta. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mama," alisema, "michango yako hapa ni ya miaka kumi na minne. Kuna miaka mitano katikati haipo."

"Haipo vipi, mwanangu? Nilikuwa kazini, na nilikuwa nakatwa kila mwezi."

"Mwajiri hakuileta. Na pensheni ya kila mwezi inataka miaka kumi na mitano. Kwa hali hii utalipwa mara moja tu, ndiyo basi."

Mwaka mmoja tu ulipungua. Nilihisi kama mtu aliyefika stendi akakuta basi linaondoka. Lakini mimi ni mtu wa kukubali haraka, nikamnong'oneza, "Tuchukue kinachopatikana twende nyumbani. Hoteli yenyewe siku hizi ina wenyewe wengine."

Aligeuka akanitazama. "Mwalimu, ingekuwa miaka mitano yako, ungeiacha?"

Tukaondoka bila kuchukua malipo yale.

Tulipofika nyumbani aliinama, akavuta kutoka uvunguni foronya kuukuu iliyojaa. Siku zote nilidhani ameweka vitambaa. Akaikung'uta kitandani, zikamwagika slipu za mshahara, zimefungwa mwaka kwa mwaka kwa vipande vya shuka. Miaka kumi na tisa yote. Mbili tu zilikuwa zimetafunwa na mende pembeni, na hata hizo tarehe zilisomeka. Mimi, mtu wa chaki na daftari, barua yangu moja ilinishinda kutunza.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza.

"Karatasi imeandikwa jina langu na kupigwa muhuri, niitupe kwa nini?"

Kesho yake alianza kazi. Aliwatafuta wanawake wanne waliokuwa naye hotelini miaka ile. Wawili walikuwa hapa hapa mjini, mmoja Kerege, na wa nne alikuwa amehamia Vigwaza kwa mwanawe. Alimfuata hata huyo, kwa nauli yake, na kurudi jioni miguu imejaa vumbi. Kisha wote watano wakaenda hotelini. Mimi nilikwenda nikiwa nimebeba ile foronya ya slipu.

Meneja, mwanamume wa makamo aliyevaa vizuri, aliwakaribisha na kuagiza soda.

"Mama zangu, nawaelewa," alisema. "Lakini hayo ni ya wenyewe wa zamani. Sisi tulinunua tu."

Mke wangu hakuigusa soda. "Baba, mliponunua, vitanda mlivikuta?"

"Tulivikuta."

"Na mashuka?"

"Na mashuka."

"Basi na sisi tuliofua mmetukuta. Soda hatukuifuata. Tunaomba barua ya kukiri kwamba tulikatwa."

Hakuwapa barua siku ile. Aliwaambia waje Jumatatu, na Jumatatu akawaambia waje mwisho wa mwezi. Hapo mke wangu akarudi ofisini kwa yule binti akiwa na foronya yake. Binti alizitazama slipu moja moja, akaita wenzake waje waone, akatoa nakala zote. Mfuko ukatuma wakaguzi hotelini. Wenyewe wapya wakabisha, wakaandikiwa barua, wakabisha tena, hadi walipoambiwa kwamba shauri linakwenda mahakamani. Ilichukua zaidi ya mwaka. Katika mwaka huo wote mke wangu hakuruka mwezi hata mmoja bila kwenda kuuliza. Alipanga foleni, alitoa shikamoo kwa waliomzidi na kuitikia marahaba kwa waliomwamkia, akauliza, akaondoka. Wenzake walipokata tamaa aliwapitia majumbani kwao. Sikuwahi kusikia akipandisha sauti.

Simu ilipigwa asubuhi moja akiwa anachambua mchele. Binti yule alimwambia michango imelipwa, pamoja na adhabu yake, na kwamba sasa ana haki ya pensheni ya kila mwezi, yeye na wenzake watatu. Wa tano alikuwa ameajiriwa miaka michache tu, ila naye alirudishiwa kilicho chake. Mke wangu alishukuru, akakata simu, akaendelea kuchambua mchele kwa muda. Kisha mikono ikasimama.

"Kwa hiyo nilifanya kazi," akasema taratibu.

Nilikaa chini karibu naye. Nikamweleza jinsi nilivyokuwa nikimtaja mbele za watu miaka yote ile, na nikamwomba radhi.

"Nilikuwa nasikia," akasema. Kisha akaniuliza kama nitakula samaki wa kukaanga au wa nazi.

Pensheni yangu bado ni kubwa kuliko yake, kwa mbali. Jirani yangu akitaka kulinganisha namwambia hivyo bila kuficha, kisha namweleza ya kwangu ilivyonijia nikiwa nimekaa, na ya kwake alivyoipigania. Jirani hutikisa kichwa na kusema wangekuwa na mwanamke kama huyo kiwandani, leo wangekuwa watu wengine.

Siku hizi asubuhi huja wanawake nyumbani kwetu, wapishi, wafagiaji, wahudumu wa hoteli za huku na za njiani kuelekea Dar. Wengine bado vijana kabisa. Huja na karatasi zao ndani ya mifuko ya plastiki. Mke wangu huwakalisha ukumbini na kuwaonyesha namna ya kuuliza mfuko kama mchango wa mwezi uliopita umefika, wasingoje uzee. Mimi kazi yangu ni kupanga karatasi kwa miaka. Nikikosea, ananirekebisha mbele ya wageni, nami nazipanga upya nikiwa natabasamu.