Wageni wa Pole

Mama Lynette hakuwa na neno na watu kusaidiana. Kilichompandisha mori ni jinsi watu wa mtaa wake wa Langas walivyojua kumsaidia mtu mpaka akachoka kuliko alivyokuwa kabla ya kusaidiwa.

Katika chumba kilichopakana na chake alikuwa amehamia mwanamke wa Sudan aitwaye Ikhlas, aliyekimbia vita Omdurman mwaka ule wa 2023. Dada yake alibaki huko. Mtandao wa kule ulikuwa wa kubahatisha. Leo upo, wiki nzima haupo. Basi Ikhlas aliishi na simu mkononi, akingoja kusikia kama dada yake yu hai. Haja nyingine duniani hakuwa nayo.

Habari zikafika kanisani. Mama Musimbi, mwenyekiti wa akina mama, hakuweza kulala usingizi akijua kuna mtu mwenye shida na hajapewa pole. Wakaja na sukari, maziwa na majani ya chai. Wakaimba, wakaomba kwa sauti ya kuamsha mtaa, halafu wakakaa. Sasa mtu akikaa kwako, utamwacha na mdomo mkavu? Kwao Ikhlas pia mgeni haondoki hivi hivi. Maskini akawasha jiko, akapika ileile sukari na yaleyale maziwa, na walioleta wakanywa mpaka tone la mwisho. Kesho yake likaja kundi lingine na sukari yake, nalo likainywa. Mama Lynette alichungulia mlangoni, akaona birika halipoi na mwenyewe amekonda. Jamani, huo ndio msaada?

Alhamisi simu ikalia katikati ya maombi. Ikhlas alikuwa nje akipuliza makaa, simu iko mezani, na akina mama walikuwa wanakemea mapepo ya vita kwa nguvu zote. Hakuna aliyesikia. Walipoondoka ndipo alipoiona namba ya dada yake. Akapiga, haikupatikana. Akapiga tena. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akatazama ukuta.

Kutazama ukuta kwa namna ile Mama Lynette alikujua. Januari ya 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, alikuwa chini ya hema la wakimbizi pale uwanja wa maonyesho, nyumba imeungua, naye ndugu yake amekwama mji wa Burnt Forest. Simu ilikuwa imezimika na hema zima halikuwa na pa kuchaji. Alipopata stima, ndugu yake hakupatikana tena. Alizikwa na watu wasiomjua. Na msiba huo haukupata mgeni hata mmoja, kwa maana nani angempelekea nani pole, wakati kila mtu amekimbia? Baadaye Mama Lynette alirudi Langas, akaanza tena kuuza sukuma wiki, maisha yakaenda.

Jumamosi akina mama walipotokea na mifuko yao, walimkuta amesimama mlangoni kwa Ikhlas, mikono kiunoni.

"Leo hamuingii," akasema.

"Haki, Mama Lynette!" Mama Musimbi akashangaa. "Tumekuja kumpa dada pole, unatufungia mlango?"

"Pole gani hiyo ya kupikiwa chai? Juzi mmemkosesha simu ya dadake. Mlikuwa mnapigia Mungu kelele ni kama hasikii!"

Mama Musimbi akautazama mfuko wake. "Sasa tufanye nini? Turudi tu nyumbani?" Aliuliza kwa unyonge wa kweli, na hilo likamkera Mama Lynette zaidi. Mtu mbaya unamfukuza na unalala. Hawa walikuwa wazuri.

"Kujeni kwangu basi!" akafoka. "Mimi pia niko na msiba. Ni wa 2008, na hakuna mtu alikuja."

Alisema hivyo ili wamwondokee Ikhlas, basi. Wakaingia kwake, wakajazana kitandani na juu ya magunia. Walipoanza kuimba akawaonya kwamba ukuta ni wa mabati, waimbe polepole. Kisha Mama Musimbi, kama ilivyo desturi, akamuuliza ilikuwaje. Mama Lynette akafungua mdomo awape maneno mawili matatu yatoshe. Kikatoka kilio. Kilikuwa kilio kibaya, cha kamasi na kukoroma, mbele ya wanawake aliotoka kuwatukana. Alijikasirikia, akamkasirikia na Mama Musimbi aliyemshika mkono, lakini mkono wenyewe hakuuondoa.

Ndipo simu ikalia upande wa pili.

Wote wakanyamaza. Sauti ya Ikhlas ikapenya kwenye mabati: neno moja tu, akilirudia na kulirudia, kisha maneno mengi ya mbiombio, kisha kicheko kilichochanganyika na kilio. Hawakuelewa lolote, na hapakuwa na haja. Mmoja alitaka kupaza "Bwana asifiwe!" Mama Musimbi akamziba mdomo kwa kiganja.

Walikaa hivyo, wamebanana, wakisikiliza mpaka sauti ikatulia. Mama Musimbi akainama karibu na sikio la mwenyeji wake.

"Na wako," akanong'ona, "aliitwa nani?"

"Odera," Mama Lynette akasema, akijipangusa kwa leso. "Alikuwa anauza viazi. Alikuwa na mdomo huyo, hata kunishinda mimi. Na nilikuwa nampenda sana."