Mkwe Haingii Chumbani

Mume wangu Oluoch ni fundi wa kusaga sakafu. Nasema kusaga, si kutandika vigae, maana watu wengi hapa Kisumu bado wanadhani ni kazi moja. Yeye huja na mashine yenye vipande vya almasi chini yake, anasaga simiti mpaka ile ngozi mbovu ya juu inatoka na kokoto zinaonekana, anaimwagia dawa ya kuikaza, kisha anaisugua kwa almasi laini, halafu laini zaidi, mpaka unaweza kujitazamia meno. Amesaga maduka ya mjini, amesaga kanisa, amesaga nyumba za wakubwa wa Milimani ambao humvulisha viatu mlangoni kana kwamba amekuja kuchafua. Ni mtu mpole. Akifika kwa watu hutazama chini kwanza kabla ya kutazama nyuso. Nilipompeleka kwetu Sondu mara ya kwanza, shangazi zangu walisifu adabu yake. Adabu gani? Alikuwa anakagua niru ya sakafu.

Sasa niambie, mtu mwenye mkwe kama huyo anawezaje kuugua kwa vumbi la sakafu yake mwenyewe? Mama yangu aliweza.

Kaka zangu, wakiongozwa na Frankline aliye Nairobi, walikuwa wamemjengea nyumba mpya. Ukiitazama kutoka barabarani ni nyumba ya kupigia picha. Lakini fundi aliyemwaga sakafu alikuwa rafiki mkubwa wa mchanga na adui wa simiti. Mama akifagia asubuhi anatoa unga wa kijivu, na kabla jua halijapanda unga umerudi. Hilo halikuwa vumbi la nje. Sakafu yenyewe ilikuwa ikijila. Na Mama ni mtu wa kifua tangu ujana wake. Alianza kukohoa hivi hivi, baadaye akawa hawezi kumaliza kusimulia jambo bila kushika ukuta. Daktari hakutuzungusha: alisema dawa atampa, lakini vumbi lisipoondoka, dawa ni kazi bure. Chumbani kwake ndiko kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu kifua kikimshika hushinda huko amelala, pua yake na sakafu ni majirani.

Nilimweleza Oluoch. Akakubali hapo hapo, hata hakungoja nimalize. Alisema Jumamosi atabeba mashine ndogo na jenereta kwa pikapu, apitie Ahero na Katito, na kazi aimalize kabla ya kuanza nyingine Milimani. Nikampikia samaki kwa furaha. Alipomaliza kula akanawa mikono na kusema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba atasaga sebule, korido na veranda. Chumbani haingii.

Niseme ukweli, nilijua. Kwetu mkwe na mama mkwe hupendana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawakai kochi moja, na mahali anapolala mama mkwe mwanamume haendi hata kuchungulia. Hata Frankline, aliyezaliwa na mwanamke huyo, tangu aoe hapiti mlango wa chumba chake. Nimekua na mambo haya na siyadharau. Lakini nilidhani pakiwa na ugonjwa watu watatafuta njia. Nilimuuliza mume wangu kama vumbi nalo huwa linabisha hodi na kuuliza nani ni mkwe. Akanyamaza. Oluoch akinyamaza ni kama amefunga duka, unaweza kugonga mpaka kesho.

Siku iliyofuata alikuja na jibu. Simiyu atasaga chumba. Simiyu ni mwenzake wa kazi, mtu wa Bungoma, mwanamume mkubwa mwenye cheko la kutoka tumboni. Hana undugu wowote na sisi, kwa hiyo hakuna mwiko unaomhusu. Nikashukuru. Nilishukuru mapema.

Tulifika Sondu asubuhi nzuri. Mama alitoka akasimama kwenye veranda, amejifunga leso mpya kwa ajili ya mkwe wake. Oluoch alisimama mbali, mikono nyuma, akasalimia huku akitazama ardhi. Mama akajibu huku akitazama miti. Ndivyo wanavyopendana. Kisha Mama akauliza huyu mgeni mwingine ni nani, na mume wangu, mwenye maneno machache kuliko watu wote wa kwao Kisian, siku hiyo akaamua kuwa mkarimu.

"Huyu ni ndugu yangu," akasema.

Mimi mwenyewe nilisikia na sikushtuka. Nani hasemi hivyo? Mtu ukibeba naye mashine, ukila naye chapati moja, ni ndugu yako. Mjini neno hilo tunaligawa kama maji ya mtungi. Lakini Mama hakulisikia kimjini. Alitikisa kichwa kwa heshima, akaingia ndani, na baada ya muda nikasikia jogoo akilalamika nyuma ya nyumba.

Walikula. Wanawake wa jirani walihudumia, Mama akabaki jikoni kama inavyotakiwa. Simiyu alisifu kuku huyo, akasifu na mchuzi, akaongezwa. Halafu wakasaga sebule, na sitaki kuwa mnyimivu: ilikuwa kazi safi. Walitumia maji ili vumbi lisiruke, uji wa simiti ukatiririka wakauzoa kwa ndoo, na chini yake pakatokea sakafu ngumu yenye kokoto za mtoni, nyeusi na za rangi ya kahawia. Kisha Simiyu akaigeuza mashine kuelekea chumbani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliniambia mimi, kwa Kijaluo, ili wao wasionekane wanaambiwa: ndugu ya mkwe ni mkwe.

Nikacheka, nikidhani ni jambo la kueleza tu. Nikasema huyu ni Simiyu, Mbukusu, wanafanya kazi pamoja, si ndugu wa damu. Mama akasema basi Baba Winny aulizwe. Baba Winny ni Oluoch, kwa jina la mtoto wetu. Je, ni ndugu yake au si ndugu yake? Nikamwangalia mume wangu. Akisema ndiyo, Simiyu haingii. Akisema hapana, amemdanganya mama mkwe wake katika boma lake, na kuku ameshaliwa. Oluoch alitazama chini. Neno likishatoka halirudi, na lile lilikuwa limetoka na kushiba.

Nikamgeukia Simiyu, nikijua yeye ni mtu wa utani, atasema kitu tucheke yaishe. Simiyu alikuwa ameshazima mashine.

"Mama Winny, mimi nimekula kuku ya mkwe," akasema. "Na kwetu pia hii kitu si mchezo. Nitaingia huko aje?"

Nilitamani kuwachapa wote wawili kwa bomba la maji. Wanaume wazima, mashine ya almasi, jenereta linanguruma uani, na mlango mmoja wa mbao umewashinda. Nikapendekeza tutafute kijana yeyote pale Sondu sokoni aelekezwe. Mama akakataa, mtu asiyemjua hataona anapolala. Oluoch naye akasema mashine yake haishikwi na mtu wa sokoni. Kwa hilo wakakubaliana vizuri sana, yeye na mama mkwe wake, bila kutazamana. Na Mama alipokuwa akieleza kwamba ni afadhali kifua kuliko aibu, kikohozi kikamkamata katikati ya neno aibu, akainama, akashika fremu ya mlango, na bado kwa mkono mwingine akanionyesha ishara kwamba hajabadili nia. Hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka ikawa uchungu. Niliona watu wanaompenda mama yangu wamejipanga kumzunguka, na kila mmoja ana sababu nzuri ya kumwacha afe.

Nikavua viatu, nikajifunga leso kiunoni, nikasema nitasaga mimi.

Oluoch alisema mashine itaniburuta. Nikamwambia nimeburutwa na mengi. Nilitegemea Mama naye apinge, lakini aliuliza tu kwa nini niliwachelewesha. Akasema tangu lini sakafu ya chumba ikawa kazi ya wanaume? Nani alikuwa anasiriba nyumba kwa mavi ya ng'ombe, si sisi? Nikashindwa nicheke au nilie.

Kitanda kilitolewa na wanawake. Kwa kuwa kilipaswa kupita sebuleni na uani, Oluoch na Simiyu walitumwa nyuma ya zizi, wakasimama huko wakitazama upande wa mto mpaka tuwaambie kitanda kimefunikwa. Kisha mashine ikaingizwa. Oluoch akaja kusimama nje ya dirisha, mgongo ameuegemeza ukutani, uso ameupeleka shambani, akaniambia niwashe.

Mashine ile ni ng'ombe aliyevimbiwa. Inataka kwenda yenyewe, na si unakotaka wewe. Iliniburuta mpaka ukutani, ikanirudisha. Kutoka dirishani sauti ya mume wangu ikaanza, na haikunyamaza tena. Eti ninakandamiza mno. Niiachie. Mbona nimesimama, nikisimama inachimba. Sasa naenda haraka. Hakuwa anaona hata kidogo, alikuwa anasikia tu, simiti laini ina mlio wake na ngumu ina wake, na kila nilipojaribu kudanganya pembe moja akajua. Mtu huyo nyumbani ukimwita mara tatu hasikii.

Akauliza kama kokoto zimetokea. Nikasema zimetokea. Akauliza ukubwa wa nini. Nikasema wa mahindi. Akauliza mahindi ya kuchemsha au makavu. Uji wa simiti ulikuwa umenirukia mpaka magotini, mabega yanawaka moto, na mtu yuko nje ananiuliza habari za mahindi. Nikasimama palepale karibu na dirisha, mashine ikiendelea kuzunguka, nikampigia kelele kwamba kama anataka kujua ukubwa wa kokoto aingie aone kwa macho yake, dunia haitapasuka.

Simiyu, aliyekuwa akimimina mafuta kwenye jenereta, akasogea mbali.

"Lornah," Oluoch akasema, taratibu, bila kugeuka. "Nikiingia mimi, Mama hatalala hapo tena. Atalala jikoni kwa moshi. Unataka nini sasa, sakafu ama alale?"

Nilikuwa sijawahi kulifikiria hivyo. Lakini kuelewa jambo hakuondoi hasira, kunaiacha tu bila mahali pa kukaa, na nilisaga sehemu iliyobaki nikimchukia kwa sababu alikuwa amesema kweli. Aliponiambia nizime, nikazima. Aliponiambia nimwage dawa, nikamwaga, nikaisambaza kwa ufagio kama alivyosema. Kesho yake nikasugua kwa almasi laini, yeye dirishani tena, mimi kimya, yeye akitoa amri zake kwa upole kama mtu anayebembeleza mgonjwa ale.

Sakafu ilitoka mbaya. Sina haja ya kujisifu. Ilikaza, hilo ndiyo, ukiipangusa kwa kiganja haikutoa unga. Lakini ilikuwa na mawimbi kama ziwa la alasiri, na pale karibu na dirisha, niliposimama kugombana, palikuwa na shimo la ukubwa wa sinia. Njiani kurudi Oluoch alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho. Alitaka kujua, nami nilijua anataka kujua. Sebule ilikuwa kazi ya mkono wake na watu watapita wataisifu, lakini kile chumba kitabaki kuwa sakafu pekee ya maisha yake ambayo hataikagua. Nikamwacha ateseke mpaka Katito. Nilipomwambia ni nzuri, akashusha pumzi, na akawa na busara ya kutouliza zaidi.

Wiki chache hazikupita Mama akapiga simu. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, Oluoch anakunywa chai. Mama hakusalimu. Alianza moja kwa moja kwamba mguu wa kitanda umeingia kwenye lile shimo langu la dirishani na kitanda kinayumba kama mlevi. Kwamba ameweka katoni chini yake, na katoni imelowa, kwa sababu akipiga deki maji yanakaa pale kana kwamba yanangoja bata. Kwamba mke wa Ogola, jirani yetu, alikuja kumwamkia akaona sakafu akauliza kama ng'ombe walilala humo. Kwamba tangu utotoni sikuwahi kumaliza kazi bila kuiharibu mwishoni, kwamba hata mtungi wake mkubwa nilivunja nikiwa nimebakiza hatua moja kufika mlangoni, na kwamba sasa Frankline akija na mke wake, yeye Mama ataweka wapi uso wake.

Nilikuwa nimefungua mdomo kujitetea. Nilikuwa na majibu mazuri, nilikuwa nimeyapika tangu siku ile ya dirishani, na mengine yalimhusu Oluoch. Halafu nikafunga mdomo. Nilisikiliza, si maneno, bali yale maneno yalivyofuatana. Kutoka kitandani yalikwenda kwenye katoni, kutoka katoni kwa mke wa Ogola, kutoka kwa mke wa Ogola mpaka mtungini, bila kukatizwa na kikohozi mahali popote.

Nikaweka simu juu ya meza, spika wazi. Oluoch akaweka kikombe chini. Naye akainamisha kichwa kuelekea simu, akasikiliza kama alivyosikiliza mashine.

"Uko hapo, nyathina, mwanangu?" Mama akauliza. "Mbona umenyamaza? Ama unalia?"

"Niko, Mama," nikasema. "Endelea."